Mishale Isiyo na Tiketi

Wizara ya Afya ya Kenya ikiongeza safu moja katika MOH 731, ile ripoti ya kila mwezi ya huduma za Ukimwi, afisa wa rekodi katika zahanati ya Uyoma huona kisanduku kimoja zaidi cha kujaza. Nyuma ya kisanduku hicho kuna foleni ndefu ya kazi. Sharti seti ya data ibadilishwe kwanza katika KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya ambao tangu 2011 unatumia programu ya DHIS2. Dhana mpya iingizwe katika kamusi ya dhana, ikiwa haikuwamo. Fomu ya kliniki katika KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, iongezewe swali, na hesabu ya ripoti iandikwe upya ili isome jibu la swali hilo. Toleo jipya lijaribiwe, litolewe, lisimikwe kwenye seva iliyomo ndani ya kituo chenyewe. Halafu mtu aketi na karani, amwonyeshe.

Kila mojawapo ya kazi hizi ni tiketi mahali fulani: ina namba, kichwa, hali yake na jina la aliyepewa. Ubao wa tiketi, ule wenye safu za kazi ambazo hazijaanza, zinazoendelea na zilizokwisha, unaonyesha vizuri nani ana kazi gani. Hauonyeshi nani anamsubiri nani, na katika kazi ya namna hii kusubiriana ndiko kunakokula miezi. Anayeandika fomu anaweza kuwa hodari, akamaliza sehemu yake kwa siku mbili, kisha fomu yake ikalala robo mwaka kwa sababu dhana moja haijapata namba.

Dawa moja ni kuchora. Kila tiketi iwe kisanduku, kila neno la "hii inazuia ile" liwe mshale, na mchoro wote utolewe kwa amri moja katika terminali. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la wapenzi wa skrini nyeusi tu. Mimi naliona kuwa zito zaidi ya hapo, na ningependa kulipitia lote: lilikotoka, linavyofanya kazi, mahali linapodanganya, na kwa nini kwenye ufuo huu wa Siaya na Homa Bay lina faida ambayo mbao za kwenye kivinjari hazina.

Tuanze na programu zenyewe, maana zina mizizi karibu na sisi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mpango wa AMPATH wa Eldoret ulipopanuka, ilionekana wazi kwamba mfumo ule wa Mosoriot hautabeba mzigo. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief wakaanza kubuni OpenMRS, wakishirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health. KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, ilifuata mwaka 2012, na kaunti za ziwa, ambako maambukizi ya Ukimwi ni ya juu kuliko kwingine nchini, ndizo zilizouhitaji mfumo huo kuliko zote.

Leo msimbo wa OpenMRS unaandikwa na watu wa nchi nyingi, na kazi zao hufuatiliwa katika Jira, programu ya tiketi. Tiketi za kiini cha mfumo zina neno TRUNK mbele ya namba. Za sura mpya ya toleo la tatu zina O3. Moduli za Kenya ziko GitHub. Mabadiliko ya KHIS yako mikononi mwa wizara. Maombi ya dhana mpya katika kamusi ya CIEL yana mlango wake. Na malalamiko ya vituoni mara nyingi huanzia kwenye kikundi cha WhatsApp, kabla mtu hajayaandika popote pengine. Mnyororo mmoja wa kazi, basi, umepita katika milango mitano, na hakuna mlango unaoona kilichoko ndani ya mwingine. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili.

Wazo la kuchora kusubiriana ni la zamani kuliko tiketi. Mwaka 1957 wataalamu wa DuPont na Remington Rand walianza kutengeneza njia ya kuutafuta mfuatano mrefu kuliko yote katika mradi, ule ambao siku moja ikipotea ndani yake, mradi mzima umechelewa siku moja. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani, likijenga makombora ya Polaris, likaja na njia yake, PERT. Mwaka 1962 Arthur Kahn akachapisha kanuni ambayo mtu anaweza kuifuata hata kwa vidole: chukua kazi isiyosubiri chochote, iweke mbele, ifute pamoja na mishale inayotoka kwake, rudia. Kazi zikibaki na hakuna hata moja isiyosubiri nyingine, ujue zinasubiriana kwa mduara.

Unix toleo la saba, mwaka 1979, ilikuwa na amri ndogo iitwayo `tsort` inayofanya kazi hiyo hasa. Ilitengenezwa kwa ajili ya kupanga mafaili ya msimbo ili yaunganishwe kwa utaratibu ufaao, kazi isiyohusiana kabisa na usimamizi wa miradi. Bado imo katika karibu kila kompyuta ya Linux. Unaipa majina mawili mawili, la kwanza likiwa la kazi inayotangulia, nayo inakupangia orodha nzima. Ukiwa umeingiza mduara, inakuambia na kukutajia kazi zilizomo. Sijui chombo kingine cha umri huo kinachojibu swali la msimamizi wa mradi kwa maneno machache hivyo.

Uchoraji ulichukua njia yake. Mwaka 1981 Kozo Sugiyama na wenzake walieleza jinsi ya kuchora mishale kwa tabaka: vunja miduara kwanza, kipe kila kisanduku tabaka lake, panga vilivyomo kwenye tabaka ili mishale isikatane ovyo, kisha tafuta mahali pa kila kisanduku. Maabara ya AT&T Bell waliijenga njia hiyo ndani ya programu ya `dot`, na makala yao ya 1993 ndiyo msingi wa Graphviz tunayoitumia hadi leo. Kupunguza makutano ya mishale hadi idadi ndogo kabisa ni kazi ambayo hakuna mwenye njia ya haraka ya kuikamilisha, kwa hiyo `dot` hukisia kwa busara. Mara nyingi hukisia vizuri kuliko mtu mwenye kalamu.

Kwa upande wa tiketi, Bugzilla ya mwaka 1998 ilikuja mapema na sehemu mbili, "inategemea" na "inazuia", pamoja na ukurasa wa kuchora mti huo. Tena ilikataa mduara: ukijaribu kusema A inasubiri B wakati B tayari inasubiri A, inagoma. Jira, iliyotoka 2002, haikuzuii. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mwenye kuchora ina maana kwamba data ya Jira lazima ichunguzwe kabla ya kuaminiwa.

Sasa tuishike kazi yenyewe. Lugha ya Graphviz ni maandishi matupu. Ripoti yetu ya MOH 731, kwa mfano, inaandikwa hivi:

digraph {
  rankdir=LR
  khis -> hesabu
  dhana -> fomu
  fomu -> hesabu
  hesabu -> toleo
  toleo -> kusimika
  kusimika -> mafunzo
}

Amri ya `dot -Tsvg ripoti.dot -o ripoti.svg` inatoa picha inayosomeka kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa kushoto kuna visanduku viwili visivyoingiwa na mshale wowote, `khis` na `dhana`. Hivyo ndivyo vya kuanzia, na vinaweza kuanza siku moja, kila kimoja kwa mtu wake. Timu nyingi hazilioni hilo kwenye ubao. Huanza na fomu kwa sababu fomu ndiyo wanayoijua, kisha wanagundua wakati wa majaribio kwamba KHIS haijaguswa. Faili la picha lenyewe ni la kilobaiti chache. Linapita kwenye mtandao hafifu wa simu pale ambapo ukurasa wa ubao wa tiketi ungezunguka mpaka bando liishe.

Bila shaka hakuna atakayeandika mamia ya mishale kwa mkono. Jira huitoa kwa JSON ukiiomba kwa `curl`, na `jq` huchuja kinachotakiwa. Mitego iko miwili hapa, na yote miwili hukunasa bila kelele. Wa kwanza: ukiulizia tiketi za mradi, kwa kawaida Jira hurudisha 50 tu, na zilizobaki uziombe kwa awamu. Skripti isiyojua hivyo itachora picha nzuri, safi, ya sehemu tu ya mradi. Wa pili: kila kiungo kimeandikwa mara mbili, mara moja ndani ya tiketi inayozuia na mara nyingine ndani ya inayozuiwa, kwa majina ya kinyume. Usipochagua upande mmoja utapata mishale miwili miwili. Ukichanganya pande utapata miduara ambayo haipo duniani.

Kisha lipo suala la mshale uelekee wapi. Wanaotengeneza programu kwa `make`, amri aliyoiandika Stuart Feldman mwaka 1976, wamezoea kusema "hiki kinategemea kile", na mshale wao hutoka kwa anayesubiri kwenda kwa anayesubiriwa. Wasimamizi wa miradi wamezoea wakati: kinachotangulia kiko nyuma ya mshale. Zote mbili ni sawa, na timu inayozitumia zote mbili kwa pamoja imeharibu mchoro wake. Mimi huchagua wakati, kwa sababu afisa wa afya wa kaunti asiyejua lolote kuhusu msimbo anaisoma picha hiyo bila kufundishwa: kushoto ni sasa, kulia ni baadaye.

Na picha ikishachorwa, isomweje? Wengi hukimbilia mnyororo mrefu kuliko yote, wakidhani huo ndio ule mfuatano hatari wa DuPont. Siyo lazima. Njia ya DuPont ilidai muda wa kila kazi, na tiketi nyingi hazina muda. Zina alama za kukadiria ugumu, ambazo kila timu hupanga kwa mizani yake. Tiketi saba za nusu siku ni mnyororo mrefu machoni na mfupi kwenye kalenda. Tiketi mbili, moja ikisubiri saini ya wizara, ni mnyororo mfupi unaoweza kuchukua miezi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuhesabu waliosimama nyuma ya kisanduku kimoja, karibu na mbali. Tiketi ya TRUNK inayozuia moduli mbili, na moduli hizo zikizuia fomu kumi na tano, ina watu wengi mgongoni kuliko inavyodhaniwa na aliyepewa, ambaye pengine anaishi bara jingine na ameipa kipaumbele cha chini. Kumpelekea picha hiyo kunafanya kazi ambayo maoni kumi ya "tafadhali harakisheni" hayafanyi.

Hata hivyo picha hizi huchafuka upesi. Jira isiyoguswa huja na aina nne za viungo: inazuia, ni nakala ya, imezaliwa kutokana na, inahusiana na. Ni ya kwanza tu inayosema habari za kusubiri. Ukizimwaga zote kwenye `dot`, hasa hiyo ya "inahusiana na" ambayo watu huiweka kwa ukarimu mno, unapata wavu uliotupwa mtumbwini bila kukunjwa: nyuzi zote zipo, hakuna awezaye kuvuta mmoja. Dawa ya kwanza ni ukali wa kuchuja. Chora kuzuia tu. Ondoa zilizofungwa. Ukiwa na makundi yasiyogusana, Graphviz ina amri ya `ccomps` ya kuyatenganisha, kila kundi lipate ukurasa wake.

Dawa ya pili ni `tred`, na hii inahitaji tahadhari. Ikiwa dhana inazuia fomu, na fomu inazuia hesabu, na mtu mwangalifu ameandika pia kwamba dhana inazuia hesabu moja kwa moja, `tred` huufuta mshale huo wa tatu kwa hoja kwamba habari yake imo tayari katika ile miwili. Kwa macho ni nafuu kubwa. Kwa maana, kitu kimepotea. Siku fomu ikifutwa, kwa sababu wizara imeamua data hiyo itoke maabara, ule mshale wa tatu ndio ungekukumbusha kwamba hesabu bado inaisubiri dhana. Kwa hiyo `tred` itumike kwenye picha ya kuonyesha tu, kamwe isitumike kwenye faili la kuhifadhi. Nimeona watu wakihifadhi lililopunguzwa na kulitupa la asili. Hilo ni kosa la kutotofautisha mchoro na kumbukumbu.

Tatizo kubwa zaidi ya uchafu, hata hivyo, ni mishale ambayo haimo. Mchoro hauwezi kuonyesha kiungo ambacho hakuna aliyekiandika. Na kuna sababu watu hawaandiki. Kuandika kwamba tiketi yangu inazuiwa na yako, mbele ya timu nzima, wengi huona ni kumshtaki mwenzako. Kijana aliye katika mafunzo ya kazini, aliyetoka chuo kikuu, JOOUST pale Bondo au Maseno, hataandika kwamba anayemzuia ni mkubwa wake. Atangoja, ataulizia kwa adabu pembeni, na ubao utaendelea kusema tiketi yake "inaendelea". Hakuna amri ya terminali inayoondoa hofu hiyo. Kinachosaidia ni mkubwa mwenyewe kuanza: aandike hadharani kwamba kazi yake ndiyo inayowachelewesha wengine, na aandike kwa sauti ileile anayoandikia mambo mengine. Baada ya hapo wadogo huandika.

Lakini ipo mishale mingine ambayo haimo kwa sababu tofauti kabisa, nayo ndiyo iliyonifanya nishikilie chombo hiki. Ni mishale inayotoka kwa vitu ambavyo si tiketi.

Luanda Kotieno iko mwisho wa barabara itokayo Ndori, katika Rarieda, Kaunti ya Siaya. Ng'ambo ya maji ni Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Kivuko hubeba magari na watu kati ya sehemu hizo mbili kwa muda usiozidi saa moja hivi. Asiyepanda kivuko huzunguka ghuba yote ya Winam kupitia Kisumu, safari inayokula siku. Kutoka Mbita daraja linakufikisha Rusinga, na boti inakufikisha Mfangano. Pande zote mbili kuna vituo vya afya, na seva nyingi za KenyaEMR zimo ndani ya vituo vyenyewe ili kliniki isisimame mtandao ukikatika. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana. Bei yake ni kwamba pale ambapo mtandao hauruhusu kusimika toleo kutoka mbali, mtu hulibeba.

Chukua fundi mmoja anayehudumia ufuo wa pande zote mbili. Tiketi yake inasema "simika toleo jipya, Mfangano". Kwenye ubao imeshakuwa tayari tangu toleo lilipotoka. Kwa kweli inasubiri kivuko, boti, hali ya ziwa mchana huo, umeme au jenereta pale kituoni, na siku ambayo si siku ya kliniki kubwa ya wagonjwa wa kudumu. Magugu maji yakijaa ghubani, vyombo hukwama. Ziwa lilipopanda Mei 2020 hadi kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla, mialo mingi iliingia majini, na mipango ya watu wa ufuoni ikavurugika pamoja nayo. Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kilicho na namba ya tiketi. Kila kimoja kinazuia.

Hapa ndipo maandishi matupu yanapoonyesha thamani yake. Tuseme nina mafaili matatu ya majina mawili mawili: moja limetolewa Jira kwa skripti, la pili GitHub, la tatu, `nje.txt`, limeandikwa kwa mkono. Ndani ya hilo la tatu mna mistari kama hii:

idhini_wizara khis
dhana_ciel fomu
kivuko_mbita kusimika_mfangano
umeme_kituo kusimika_mfangano
toleo kusimika_mfangano

Kisha `cat jira.txt github.txt nje.txt | tsort`, na kwa mara ya kwanza milango yote mitano imekaa kwenye orodha moja. Mstari mfupi wa `awk` unaigeuza iwe lugha ya `dot`, na picha inatoka. Idhini ya wizara na kivuko vimesimama pamoja na TRUNK na O3, vikiwa na haki sawa ya kuzuia. Hakuna kampuni iliyolazimika kukubali kuunganisha mfumo wake na wa mwingine. Hakuna leseni ya ziada. Programu-jalizi za kulipia za Jira huchora vizuri sana, nazo huchora tiketi za Jira.

Visanduku vya faili hilo la mkono ninashauri vichorwe kwa mstari wa vipande ili kila mtu aone kwamba havina tiketi nyuma yake, na kila kimoja kiandikwe mambo mawili: wadhifa wa mtu wa kuulizwa, na tarehe kilipoulizwa mara ya mwisho. Tiketi ya Jira ina historia yake. Mstari wa `nje.txt` hauna kitu isipokuwa ulichoandika. "Umeme kituoni" bila tarehe unaweza kubaki kwenye mchoro miezi miwili baada ya jenereta kutengenezwa, ukiendelea kuonyesha kizuizi ambacho hakipo, na watu wakishagundua mshale mmoja wa uongo huacha kuiamini picha nzima. Faili likiwekwa kwenye git, kila badiliko lina mwandishi na siku yake, na hilo peke yake linatatua sehemu kubwa ya tatizo.

Kuna anayeweza kusema kwamba dawa rahisi zaidi ni kumfungulia kivuko tiketi. Timu nyingine hufanya hivyo: "Subiri kivuko", aliyepewa ni fulani. Naona ina madhara. Tiketi humdai mtu aifunge, na fundi hawezi kulifunga ziwa. Mwisho wa mwezi hesabu ya tiketi zilizochelewa itamhusisha yeye na jambo lisilo lake, na mtu anayepimwa kwa hesabu hiyo atajifunza upesi kutoandika vizuizi kabisa. Kisanduku kisicho na mwenyewe, chenye mtu wa kuulizwa tu, kinasema ukweli bila kumwadhibu aliyeusema.

Vyombo vya kwenye kivinjari navyo vinasogea. GitHub ilianza kuchora michoro ya Mermaid ndani ya maandishi mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaongeza kiungo rasmi cha "inazuiwa na" kati ya tiketi zake, baada ya miaka mingi ya watu kuandika tu "tazama namba fulani" kwenye maelezo. Ni hatua nzuri, na moduli za Kenya zilizoko huko zitafaidika. Kwa mnyororo wetu, zimeboreshwa nyuzi zilizo ndani ya mlango mmoja. Kutoka GitHub kwenda wizarani, au kwenda Mbita, bado ni faili la mkono.

Na chombo chenyewe hakijakwepa utegemezi. Kuna skripti ya Python inayojulikana kwa wachoraji wa tiketi, jira-dependency-graph: unaipa namba ya tiketi moja, nayo inafuata viungo vyake hadi mwisho na kukutolea picha. Miaka yake ya awali, kwa kawaida haikuchora yenyewe. Iliyatuma maandishi ya mchoro kwa huduma ya picha ya Google, na picha ikarudi. Google ilitangaza mwaka 2012 kwamba huduma hiyo inastaafishwa, na Machi 2019 ikaizima. Aliyekuwa ameifunga amri ile kwenye ratiba ya kila Jumatatu aliamka siku moja hana picha, ingawa Jira yake ilikuwa nzima na mashine yake nzima. Waliokuwa wakitumia chaguo la kutoa lugha ya `dot` na kuchora kwa Graphviz ya mashine yao wenyewe hawakuguswa.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye jambo ambalo kwa mifumo ya afya haliruhusu uzembe. Kutuma mchoro kwenye huduma ya nje ili uchorwe ni kutuma vichwa vya tiketi pia, na vichwa vya tiketi za vituoni huandikwa na watu walio katika haraka. Mtu huandika "mgonjwa namba fulani haonekani kwenye orodha ya dawa" na kuendelea na kazi. Maneno hayo yakiingia kwenye kisanduku, yanaingia kwenye picha, na picha inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu themanini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti, na kwenye mwalo ambako kila mtu anamjua kila mtu, hata namba ya kliniki na jina la kijiji vinatosha kumtambulisha mtu. Kwa hiyo skripti ichukue namba ya tiketi na hali yake tu. Kichwa kisomwe pale tiketi ilipo, na aliyeruhusiwa kukisoma. Visanduku vya `nje.txt` havina shida hiyo, maana kivuko hakina siri ya kuficha, na hivyo ndivyo vinavyoweza kuonyeshwa kwa majina kamili: kwa daktari wa kaunti ndogo, kwa mkuu wa kituo, kwa yule wa wizarani ambaye saini yake imesimamisha kila kilicho upande wa kulia wa picha.